Theluji Aliyoahidiwa Taveta

Saa tatu na nusu asubuhi, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa, Kijakazi Badawi anatia mkono katika mfuko wa kushoto wa koti la buluu, anaugeuza ndani nje, kisha anahamia wa kulia. Anatoa tishu iliyokauka, peremende iliyogandamana na karatasi yake, na jino. Ni jino la mtoto, la mbele, dogo na jeupe.

"Hili litatafutwa," anasema huku akilifunga kwenye kipande cha karatasi. "Mamake atapiga simu leo leo. Mtu akisahau pete humu anaweza kumaliza wiki nzima hajaiulizia, lakini jino la mtoto, thubutu."

Koti linatundikwa kwenye henga, linakaguliwa zipu, linanuswa kwapani bila haya yoyote, kisha linasukumwa lilipo kundi la saizi yake. Yako makoti mia saba katika chumba hiki, na mabuti kuzidi hayo. Kila asubuhi mifuko yote lazima igeuzwe, maana makoti hufuliwa, na peremende moja ikiingia kwenye mashine ya kukaushia inaharibu makoti thelathini kwa mpigo. Kijakazi ameifanya kazi hii miaka kumi na moja.

Chumba chenyewe kimo ndani ya jumba la maduka mjini Dubai. Upande mmoja wa kioo kuna watu wanaonunua viatu na manukato kama kawaida yao. Upande wa pili ni ukumbi wa theluji, baridi ya nyuzi mbili chini ya sifuri, na mlima uliotengenezwa kwa mashine ambao watu wazima na akili zao huuteleza kwa mbao mpaka chini, kisha wakarudishwa juu kwa viti vya kamba wakaanza upya. Kijakazi anakaa katikati, anawavisha.

Haulizi saizi. Mteja akisimama mbele ya kaunta, macho ya Kijakazi yanashuka mara moja hadi miguuni na buti limeshatoka rafuni. "Arobaini na mbili," anamwambia bwana mmoja anayeng'ang'ania kwamba yeye ni arobaini na nne. Bwana anapewa arobaini na nne zake, anakwenda, na baada ya dakika kumi anarudi kimya kimya kubadilisha.

"Wanaume huongeza," Kijakazi anasema. "Wanawake hupunguza. Watoto ndio wakweli."

Ana umri wa miaka arobaini na sita, mwenyeji wa Voi nchini Kenya, mama yake akiwa mtu wa Mombasa. Anaishi mtaa wa Karama, chumba kimoja na wanawake wengine watano, kitanda cha juu karibu na dirisha, ambacho alikipata baada ya kulala cha chini kwa miaka minne. Wakenya wenziwe humwita Mama Kija, Wazanzibari humwita Bi Kija, na wasimamizi humwita kwa jina zima wakilivunja vipande vipande. Tarehe ishirini na nane mwezi huu wa Machi anaondoka, na makoti haya yatageuzwa mifuko na mtu mwingine.

Haondoki kwa kufukuzwa wala kwa kuchoka. Anaondoka kwa sababu ya theluji, na si hii ya nyuma ya kioo.

Kisa kinaanzia mwaka 1979, katika behewa la mwisho la treni ya Taveta. Baba yake, Mzee Badawi, alikuwa gadi, yule anayekaa nyuma kabisa na bendera mbili, nyekundu na kijani, na treni haing'oki mpaka apeperushe ya kijani. Njia yake ilikuwa Voi kwenda Taveta na kurudi. Shule zikifungwa, binti yake wa miaka minane alikuwa humo behewani, amekalia sanduku la chuma la vifaa, na mkate wake umefungwa kwenye leso.

"Baba alikuwa hanibandui," anasema. "Kabla yangu mama alizaa wawili, wote wakafa wachanga. Mimi nilipozaliwa nikaitwa Kijakazi, jina la kudharaulika, ati mauti yakipita yasinione. Basi baba akawa kama hakuliamini hilo jina peke yake. Aliona bora anichunge mwenyewe."

Walifika Taveta alfajiri moja ya mwezi wa Agosti. Mlima ambao kila siku ulikuwa umejifunika mawingu ulikuwa wazi kabisa, na kileleni, nyuma ya ule mwamba uliochongoka, pakang'aa peupe. Kijakazi anakumbuka jinsi baba alivyomwinua, akamsimamisha juu ya rundo la magunia, akamgeuza kichwa kwa mikono miwili ili atazame panapostahili.

"Nikamuuliza, 'Baba, nani kaupaka chokaa?' Alicheka mpaka stesheni masta akatoka ofisini kuja kuona. Akaniambia ile ni theluji, ni maji yaliyosinzia kwa baridi. Nikasema nataka kuishika. Akasema, 'Siku moja nitakupandisha mwenyewe uishike.' Hivyo hivyo. Na baba hakuwa mtu wa kuahidi ovyo."

Lakini mpaka na Tanzania wakati ule ulikuwa umefungwa, na mlima uko ng'ambo. Ulipofunguliwa, kukawa na ada za shule, kisha maradhi ya mama, kisha maziko yake. Kijakazi akaolewa, akaachika, hakubahatika kupata mtoto. Treni ya abiria ikapungua ikapotea, Mzee Badawi akastaafu na bendera zake akazitundika ukutani. Ahadi haikutimizwa, wala haikufutwa. Ikabaki kuwa mzaha wa baba na mwana.

Mzaha huo ulinoga zaidi mwaka 2006, wakala wa Mombasa alipomwambia Kijakazi kuna kazi ya hoteli Dubai, naye akafika akakuta hoteli hakuna, kuna makoti. Ijumaa ya kwanza alipiga simu nyumbani kwa kicheko. Alimwambia baba kwamba ameikuta theluji jangwani na ameishika kwa mkono wake.

"Akaniuliza, 'Iko mlimani?' Nikamwambia iko dukani, baba. Akasema, 'Basi hiyo ni barafu ya friji, usinivunjie ahadi yangu.' Toka siku hiyo kila Ijumaa ananiuliza, 'Umeipata?' Na mimi namjibu, 'Bado, hii ya huku ni ya kuazima.'"

Alianza kwa mshahara wa dirham mia tisa kwa mwezi, sasa ni elfu moja na mia saba. Nyingi zake huenda Voi, kwa mdogo wake Masuda, ambaye ndiye anayeishi na mzee. Likizo ni mara moja kila miaka miwili, na inayofuata ilikuwa Desemba mwaka huu. Maisha yangeendelea hivyo bila ya gazeti lolote kumtafuta.

Mwaka 2014 mzee akaanza kusahau. Yalitangulia majina ya wajukuu, yakafuata ya majirani, kisha akasahau kama amekula. Septemba mwaka jana, Ijumaa moja kama nyingine, Kijakazi alipiga simu na baba hakuuliza habari ya theluji. Alimsalimia vizuri, akamshukuru kwa kupiga, akauliza anatafuta nani.

"Aliongea nami kama mtu anayeongea na karani wa posta," Kijakazi anasema, na hapo anaacha kugeuza mifuko. "Kwa adabu kabisa. Afadhali angenifokea. Nikamwambia, 'Baba, ni mimi Kija.' Akasema, 'Ahsante sana mama, nitamwambia.' Nililia siku ile mpaka wenzangu chumbani wakadhani nimefiwa."

Kilichobaki kichwani mwa mzee ni reli na mlima. Vituo anavitaja vyote bila kukosea: Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni. Mlima anauelezea kama aliuona asubuhi ya leo. Ijumaa baada ya Ijumaa Kijakazi alisikiliza vituo, akingoja jina lake lipite humo. Halikupita kwa miezi mitano.

"Nilikuwa nataka kitu kimoja tu," anasema. "Anijue. Mara moja tu, kabla mlango haujafungwa kabisa. Nikajua Desemba ni mbali, nitakuta mlango umeshafungwa."

Ndipo ikaja Februari.

Ijumaa ya tarehe tatu, wateja walipofika kaunta walikuwa hawataki makoti, wanataka kuonyesha simu zao. Usiku wa kuamkia siku ile theluji ilikuwa imeanguka kwenye Jebel Jais, mlima mrefu ulioko Ras al-Khaimah, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Dubai. Si ukungu wala mvua ya mawe, theluji yenyewe. Wenyeji wa kule, wazee waliozaliwa chini ya mlima huo, walikuwa wakisema hawajapata kuiona nyingi kiasi kile. Kwenye picha za simu watu waliovaa kanzu walikuwa wakitupiana matonge, na magari yalikuwa yakiteremka na theluji imerundikwa juu ya boneti kwa makusudi, ili majirani mjini waamini.

Pius, kijana wa Kampala mwenye miaka thelathini ambaye kazi yake ni kuisawazisha theluji ya ukumbini kwa sepetu, alikuja kaunta kuangalia simu ya mteja. Aliangalia mara mbili. "Mama Kija," akasema, "hii hatujaitengeneza sisi."

Kijakazi alikuwa anahesabu kichwani: kesho ni Jumamosi, siku yake ya kupumzika, na kule juu jua likishatoka theluji haitangoja mtu.

Aliyekuwa na gari ni Rumaisa, karani wa tiketi, binti wa familia ya Kizanzibari iliyokaa Dubai toka enzi za babu zake, na ambaye kwao Deira bado wanazungumza Kiunguja mpaka na paka. Kijakazi alimwendea dirishani mwake jioni ile.

"Bi Kija, barabara askari washaifunga mara moja leo," Rumaisa alimwambia. "Tutakwenda tukae foleni mpaka adhuhuri, halafu tuambiwe yalla, geuzeni."

"Tukigeuzwa, tutageuka."

"Na baridi je? Utavaa nini wewe?"

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililowachekesha wote watatu, pamoja na Pius, alfajiri ya siku ya pili walipokutana chini ya jengo la Karama. Mwanamke aliyekwishavisha watu wasiohesabika kwa ajili ya theluji, yeye mwenyewe hana koti. Ya kazini hayatoki nje ya jengo, hiyo ni sheria, na Kijakazi si mtu wa kuivunja. Alikuwa amevaa sweta ya kuazima, soksi jozi tatu, na leso mbili mabegani, nzito, moja juu ya nyingine. Mkononi alikuwa na mahamri na chupa ya chai.

"Twende zetu Ulaya," Rumaisa akasema, akawasha gari.

Foleni waliikuta kweli. Chini ya mlima magari yalisimama moja nyuma ya lingine, watu wakateremka kusali kando ya barabara, wakanywa chai, wakauzungumzia mlima kama mgonjwa aliyelazwa: yukoje, wanaruhusu watu kuingia? Kijakazi alikaa kiti cha nyuma na simu mapajani. Alikuwa ameshakubaliana na Masuda: saa nne na nusu za Dubai mzee awe ameshastaftahi, amekalishwa sebuleni, na simu ya video iko tayari.

"Njia nzima midomo inamcheza peke yake," Rumaisa anakumbuka. "Mie nikadhani anaumwa. Kumbe anajifunza cha kumwambia babake."

Askari wakafungua. Gari likapanda kona baada ya kona mpaka masikio yakaziba, na mwishoni Pius akasema simama, akateremka kabla halijasimama sawasawa. Kando ya lami, kwenye mteremko wa mawe ya rangi ya kahawia, ilikuwa imetandaa. Kijakazi alisimama pembeni yake kwa muda bila kuikanyaga.

"Sikuwa naiogopa," anaeleza. "Nilikuwa naona kama nimeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Halafu nikainama nikaishika. Ilikuwa laini kuliko yetu, na nzito. Nikasema, baba, nimeipata. Nikasema peke yangu, kama mjinga."

Hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote mlimani siku ile.

Katika ukumbi wa Dubai, mtu akitaka kujipiga picha peke yake huchimba kishimo kwenye theluji, akaisimamisha simu humo, na theluji ikaishika wima kama rafu. Wafanyakazi wote hufanya hivyo, na huwafundisha wateja. Baridi ya ukumbini haipandi wala haishuki, kwa hiyo theluji yake ni kavu kama unga. Simu ikitoka humo unaipangusa na kiganja, khalas, kwisha. Kwa miaka kumi na moja Kijakazi alikuwa amepokea makoti yaliyogaragazwa kwenye theluji ile, na kuyakung'uta tu. Hakuwahi hata siku moja kuiona theluji ikilowesha kitu.

Saa nne na nusu akapiga. Masuda akapokea. Kijakazi alitaka mikono yake yote miwili iwe huru, ili ateke theluji amwonyeshe baba kwa viganja. Basi akachimba kishimo juani, akaisimamisha simu, akarudi nyuma hatua mbili, akapiga magoti.

Mzee Badawi alionekana kwenye kioo, shingo ndefu, kofia ya kiua imekaa vizuri. Masuda alikuwa amemnyoa. Aliukodolea macho ule weupe uliokuwa kwenye simu.

"Kibo," akasema, akikitaja kile kilele cheupe cha Taveta.

"Naam, baba. Theluji."

"Nani kapanda huko?"

"Mimi, baba. Ni mimi Kija."

Mzee akaishika simu kwa mikono miwili, akaileta karibu mpaka ikajaa jicho lake moja. Rumaisa, aliyekuwa amesimama nyuma, anasema alilisikia wazi kabisa lile neno. Pius naye alilisikia.

"Kija?" mzee akasema. "Kija wangu?"

"Naam, baba."

"Nani amekupandisha huko, mamangu? Uko na nani?"

Kijakazi alikuwa anacheka na kulia pamoja, viganja vimejaa theluji, na kabla hajafungua mdomo kujibu, simu ikazimika. Aliikimbilia. Kishimo kilikuwa kimegeuka dimbwi dogo, na simu imekaa ndani yake hadi nusu, inatiririka maji. Pius akaifungua, akaipuliza, akaifuta kwa fulana yake. Haikuwaka siku ile wala haijawaka tena. Ilifukiwa kwenye mchele siku tatu, na mchele wenyewe ukaja kuliwa na wenzake wa chumbani.

Rumaisa akatoa simu yake. "Nipe namba."

Kijakazi hakuwa nayo. Namba ya Masuda ilikuwa ndani ya simu iliyokufa, na nyingine ilikuwa imeandikwa nyuma ya daftari lililokuwa Karama, chini ya godoro. Nani siku hizi anahifadhi namba kichwani? Lakini hata hivyo hakuhuzunika. Njia ya kurudi alikuwa na furaha mpaka akawa mchokozi. Aliwagawia mahamri, akamtania Pius kwamba leo ameona kazi ya fundi mwenye kazi yake.

"Alinijua," alikuwa akirudia. "Mmemsikia? Alinijua."

Walifika Karama jioni. Kijakazi akapanda, akalitoa daftari, akateremka nalo mpaka kwenye gari, akapiga kwa simu ya Rumaisa. Masuda alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Dada Kija, umefanya nini?" akasema. "Baba tumempata sasa hivi."

Picha ilipopotea kule Voi, mzee alikuwa ameitikisa simu, ameigeuza nyuma, ameita, "Kija, Kija." Kisha akainuka. Masuda alikuwa jikoni anaosha vikombe. Alipotoka, kiti kitupu, mlango wazi, na bendera ya kijani haimo ukutani. Walimtafuta tangu asubuhi. Majirani walimkuta kwenye stesheni ya zamani, amekaa kwenye sakafu ya jukwaa, midomo imekauka kwa kiu, anauliza treni ya Taveta inaondoka saa ngapi.

"Mtoto wangu ameachwa mlimani," aliwaambia. "Kwenye theluji. Yuko peke yake, na baridi ya kule naijua."

Alikuwa amemjua, ndiyo. Ila aliyemjua ni Kija wa miaka minane, na kitu cha mwisho alichokiona ni mtoto huyo amepiga magoti kwenye weupe, hana koti, halafu giza.

Kijakazi anapolisimulia hili anakaa juu ya kasha la mabuti, kitu ambacho mwandishi hakumwona akikifanya siku zote tatu za kuzungumza naye. "Miezi mitano nimeomba anikumbuke," anasema. "Nikapewa. Na nilivyopewa, nikamtia baba yangu majonzi ya mtu aliyepotelewa na mtoto. Mimi. Kwa simu."

Alijaribu kuyarekebisha kwa simu vilevile, akiazima ya Rumaisa. Jumapili akapiga, Jumatatu akapiga, akavaa leso zile zile ili amtambue. "Baba, nitazame, mimi ndiye Kija. Nimeshuka. Niko salama." Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama siku zote.

"Ahsante, mama," akamjibu. "Wewe ni mtu mzima, Mungu akuweke. Mimi namtafuta mtoto wangu mdogo. Ukimwona mwambie asiondoke hapo alipo, nakuja kumchukua."

Toka siku hiyo ametoka nyumbani mara nne. Masuda ameweka kufuli, lakini ana watoto watatu na kazi ya kufundisha madrasa, na mlango hauwezi kuwa wa jela. Mara ya tatu, wiki mbili zilizopita, mzee alifika mpaka barabara kuu ya Mombasa, ambako malori hupita bila kupumzika. Dereva mmoja alifunga breki, akamkuta mzee wa miaka themanini katikati ya lami amenyoosha bendera ya kijani.

Kijakazi alipopata habari hiyo alikwenda moja kwa moja ofisini kwa msimamizi wake, na koti la mteja bado liko mkononi.

"Madam akaniambia, 'Kijakazi, ngoja Desemba. Mkataba unakwisha, tiketi unapewa na kampuni, na haki zako zote. Ukiondoka sasa unajikatia mwenyewe.' Ana haki yake, hakusema vibaya. Nikamwambia, madam, mimi najua, lakini Desemba baba atakuwa ameshagongwa."

Tiketi amejikatia. Rumaisa na Pius na wale watano wa chumbani walitaka kumchangia, akakubali nusu na nusu akakataa, kwa sababu zake. Visa itafutwa siku mbili kabla ya safari. Ana mpango wa kufungua udobi mdogo pale Voi. Mahoteli ya mbugani yana mashuka na makoti ya watalii, na hakuna mtu mjini anayejua kulikausha koti la baridi bila manyoya yake ya ndani kushikana. Anaisema habari hiyo kwa kujiamini, lakini haraka haraka, kama jambo la wiki ya pili.

Jambo la wiki ya kwanza ni kumshusha mtoto.

Masuda alimshauri avute subira hadi Juni, miezi miwili tu zaidi. Reli mpya ya Mombasa inatarajiwa kuanza wakati huo na Voi itakuwa na stesheni yake mpya, basi angemleta mzee jukwaani akamwona binti yake akishuka kwenye treni kwa macho yake. Kijakazi anakiri kwamba wazo lilikuwa zuri, na kwamba alilala nalo usiku mmoja.

"Nitapanda basi," anasema. "Mtoto hawezi kukaa kwenye baridi mpaka Juni."

Saa nne kasoro dakika tano. Nje ya kioo watoto wa shule wameshajipanga, na mwalimu wao anawahesabu kwa Kiarabu. Kijakazi anajiinua kutoka kwenye kasha, anajipangusa nguo, anaanza kutazama miguu. Rumaisa, ambaye amekuja kuchukua funguo za sanduku la tiketi, amesikia mazungumzo ya mwisho, na anauliza lile ambalo mwandishi alikuwa hajathubutu kuliuliza.

"Na akikuona, Bi Kija, asikujue tena?"

Kijakazi anatoa jozi ya kwanza ya buti rafuni, ndogo kabisa, namba ishirini na nane, na kuiweka juu ya kaunta.

"Asiponijua, si neno," anasema. "Nitamwambia mimi natoka huko huko mlimani. Mtoto wake nimemteremsha mwenyewe, nimempa chai, kala, kalala. Nitamwambia, sasa mzee na wewe lala."